STIMA ILIYOOKOLEWA NI YA NANI?

Ndugu Wafanya Kazi,

Nyinyi wa Laini Saba, wa Makina, wa Gatwekera na Kisumu Ndogo, na nyinyi wa Kawangware mnaoshuka Barabara ya Ngong kwa miguu kabla jua halijachomoza. Leo tunataka kusema nanyi juu ya jambo moja ambalo mmelisikia sana kazini lakini hamkuulizwa neno lenu. Jambo hilo ni kuokoa stima.

Mmeona karatasi zilizobandikwa ukutani: "Zima taa", "Zima mashine". Mmeona wageni wenye kofia za plastiki wakizunguka na vipimo, wakiandika. Wengine wenu mmeona hata kikombe cha ushindi kimewekwa mezani pa mapokezi, na bwana mkubwa amepigwa picha akikishika kwa mikono miwili. Jee, mliulizwa lo lote? Jee, katika akiba ile mlipata hata sukari ya chai?

Chama kinasema wazi, ili asiwepo mtu wa kutusingizia: hatupingi kuokoa stima. Mali ikipotea bure ni hasara ya nchi nzima. Tunalopinga ni hili: stima iokolewe kwa mikono yetu, kwa msaada unaotoka katika kodi yetu, halafu faida yote iingie mfuko mmoja.

SERIKALI IMEFANYA NINI?

Yafaa tujue mambo yalivyo kabla ya kudai. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati. Mwaka huo huo Wizara ya Nishati, pamoja na chama cha wenye viwanda kiitwacho KAM, ilifungua kituo cha kusaidia viwanda na biashara kutumia nishati bila kuipoteza. Kituo hicho hakikuwekwa katika ofisi ya serikali, wala katika chuo. Kiliwekwa ndani ya KAM yenyewe. Huko hufundishwa wakaguzi, huko hupangwa ukaguzi, na Wizara imekuwa ikichangia gharama. Tangu 2004 kuna na zawadi za kila mwaka kwa viwanda vilivyookoa vizuri.

Mwaka 2012 zikatoka Kanuni. Ziliagiza kwamba kiwanda, hoteli, hospitali au jengo lo lote litumialo nishati ya yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka lazima likaguliwe kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni. Mwenye mali asiandikiwe tu ripoti akaifungia kabatini. Ilimpasa atimize angalau nusu ya akiba iliyoonekana. Tena kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Ufaransa, kupitia mabenki ya hapa, matajiri waliweza kupata mikopo ya masharti nafuu ya kununua mashine zinazokula stima kidogo. Mwaka 2019 ikaja Sheria mpya ya Nishati, na mamlaka ya kusimamia ikaitwa EPRA. Mwaka 2020 Wizara ikatoa mpango wa taifa wa kuokoa nishati.

Ndugu zangu, haya yote si mabaya. Lakini hesabuni viti mezani. Wizara ina kiti. Matajiri wana kiti, na nyumba yenyewe ni yao. Benki ina kiti. Mkaguzi ana kiti. Mfanya kazi yuko wapi? Yuko nje, ameshika spana. Na wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Wala mtu asituambie kwamba msaada huu hautuhusu kwa kuwa fedha si zetu. Hata tokeni ndogo unayonunua Kibera kwa shilingi mia moja ina kodi ndani yake, na ina makato mengine chungu nzima. Mama anayewasha balbu moja Soweto amechangia. Aliyechangia ana haki ya kuuliza.

NILIYOYAONA KWA MACHO YANGU

Mimi ninayeandika haya nilifanya kazi miaka 14 katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Jina lake silitaji, kwa sababu neno hili si la kiwanda kimoja.

Pale palikuwa na mzee wa boila. Tulimwita Mzee tu, kwa heshima. Kwa miaka mingi alikuwa akimwambia msimamizi kwamba bomba la mvuke linalopita nyuma ya stoo halina vazi, na moto unapotea njiani. Alisema vali fulani inavuja. Alisema maji ya moto yanayorudi kutoka kwenye mashine yanamwagwa mtaroni, na boila inalazimika kupasha maji baridi upya kila siku. Jibu lilikuwa moja: "Wewe fanya kazi yako."

Basi wakaja wakaguzi. Walikuwa vijana wenye adabu, na walikuwa na akili ya kutosha kumwuliza mtu anayeijua kazi. Mzee aliwazungusha siku mbili. Aliwaonyesha bomba lile, vali ile, na maji yale. Mwenzetu wa kompresa akawaonyesha kwamba mashine yake hunguruma hata saa ya chakula, wakati hakuna anayetumia hewa, kwa sababu mipira ina matundu na hewa hutoka ikipiga mluzi. Dada mmoja wa upande wa kufungasha akawaonyesha kwamba taa huwaka mchana kutwa kwa sababu bati za kuingiza mwanga zimejaa masizi, wala hakuna aliyeagizwa kuziosha.

Yote yaliandikwa. Kikatoka kitabu kizuri chenye jalada gumu. Mabomba yakavishwa, matundu yakazibwa, maji ya moto yakarudishwa kwenye boila, bati zikaoshwa. Bili ya stima ikashuka na mafuta ya boila yakapungua. Karani wa hesabu mwenyewe ndiye aliyetunong'oneza.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kwanza, jiko la kantini liliondolewa kwa jina la kuokoa; chai ikawa inaletwa katika chupa, imepoa. Pili, taa za chumba cha kubadilishia nguo zikazimwa, tukawa tunavaa gizani. Tatu, boila ilipoanza kufanya kazi saa chache kuliko zamani, wakasema wahudumu watatu ni wengi. Wawili wakaachishwa. Mmoja wao alikuwa Mzee. Alikuwa wa mkataba wa miezi, unaokatwa na kuandikwa upya mwaka hata mwaka, kwa hiyo waliambiwa hapana cha kulipwa ila siku alizofanya.

Aliyeonyesha tundu ndiye aliyetolewa kwa tundu hilo. Kitabu kile chenye jalada gumu kilitaja kila vali na kila mota, lakini jina la Mzee halikuandikwa hata mara moja.

Siku alipochukua mfuko wake hatukufanya neno. Hilo ni kosa letu, nami nimo. Hatukuwa na kifungu katika mapatano yetu juu ya jambo hili, wala hakuna aliyefikiri kwamba kuziba bomba kunaweza kumtoa mtu kazini. Leo tunaandika ili wengine wasikutwe wamelala.

STIMA NAFUU YA USIKU

Kuna na msaada wa pili, nao umetugusa miguuni. Kuanzia Desemba 2017 serikali iliweka bei ya usiku kwa viwanda na biashara kubwa. Kiwanda kilichotumia stima kupita kiwango chake cha kawaida, kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kilipata ile ya ziada kwa nusu ya bei.

Sababu yake inaeleweka. Mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, hautambui usiku wala mchana. Usiku watu wamelala, stima haina wa kuitumia, na mvuke mwingine huachwa ukaenda hewani. Ni afadhali utumiwe. Hapo hatuna ubishi.

Lakini bei ya usiku haiokoi stima. Inaihamisha tu kutoka mchana kwenda usiku. Na stima haihami peke yake. Inahama na mtu wa kuendesha mashine. Tajiri anapata yuniti kwa nusu ya bei, na mfanya kazi anapata nini? Anapata zamu ya usiku.

Wenye kutoka Kibera mnaijua njia hiyo. Mchana ni kupita Madaraka na Uwanja wa Nyayo, watu ni wengi, mnazungumza na njia inakuwa fupi. Usiku ni jambo lingine. Matatu zimepungua, nauli imepanda, pikipiki inataka fedha ya siku nzima ya unga. Dada anayeingia zamu saa nne usiku ametoka nyumbani saa mbili na nusu, ameacha watoto na jirani. Akiporwa njiani, hiyo si gharama ya kiwanda. Akisinzia mashine ikamkata kidole, ataambiwa alikuwa mzembe.

Tunauliza: serikali ilipohesabu nusu ya bei, ilihesabu nauli ya nani? Kama msaada ulitolewa ili mashine zifanye kazi usiku, basi msaada huo ulipaswa kuja na sharti: asiye na gari la kuwachukua wafanya kazi wake wa usiku asipewe bei ya usiku.

MATAJIRI WATASEMA

Watasema: "Stima ya Kenya ni ghali. Ya Ethiopia ni rahisi kuliko yetu. Tusipookoa, viwanda vitafungwa nanyi mtakosa kazi." Sehemu ya maneno haya ni kweli, nasi hatuikatai. Kiwanda kinachomwaga mvuke mtaroni kinamwaga na kazi yetu. Lakini kwa nini mshahara ukiongezwa shilingi moja hilo huitwa gharama na hutangazwa kila mahali, na bili ya stima ikishuka hilo huitwa siri ya kampuni? Kama sote tumo katika chombo kimoja, basi tuonyeshwe kina cha maji.

Watasema tena: "Akiba inatokana na mashine mpya, si watu." Si kweli. Mashine mpya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtu anayezima kompresa saa ya chakula, anayesikia mluzi wa hewa na kuuziba siku hiyo hiyo, anayesafisha mkanda wa mota usiteleze. Funga mashine nzuri kuliko zote, mpe mtu aliyekasirika, baada ya mwaka utaona bili imerudi pale pale.

Hapa yafaa tujiseme na sisi wenyewe. Wako kati yetu wanaoacha mashine ikizunguka bure wakisema, "Stima si ya baba yangu." Huo ni upumbavu, tena ni silaha tunayompa tajiri. Lakini ugonjwa huo una chanzo chake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtu asiyeshirikishwa katika faida hawezi kuona uchungu wa hasara. Anayetaka stima iokolewe kwa kweli, na si kwa ajili ya picha ya kikombe, ataanza na kumpa mfanya kazi fungu lake.

NA NDUGU ZETU WA JUA KALI?

Sasa rudini nyumbani mtazame msaada huu unakoishia. Yuniti 180,000 kwa mwaka ni yuniti 15,000 kwa mwezi. Nyumba inayotumia yuniti 30 kwa mwezi, ambayo ndiyo kipimo cha bei ya chini kilichowekwa 2023, ni nyumba ya balbu, redio na simu. Basi kiwanda kimoja cha kipimo kile ni sawa na nyumba 500 za namna hiyo. Hapo ndipo kanuni zilipoanza kuona. Chini ya hapo hazikuona mtu.

Lakini chini ya hapo ndipo penye biashara za Kibera na Kawangware. Kuna kinu cha posho chenye mota kuukuu iliyosukwa nyaya mara tatu, inayopata moto kuliko unga. Kuna fundi wa kuchomelea milango kando ya reli, saluni, kinyozi, mama wa samaki mwenye friji ambayo mpira wa mlango wake umekatika. Hawa hulipa stima kwa tokeni, shilingi kwa shilingi, kabla ya kuitumia. Hakuna anayeumia kuliko wao yuniti moja ikipotea. Wala hajafika kwao mkaguzi hata mmoja.

Tunakumbuka serikali na kampuni ya stima zilipoamua kuingiza mita katika vijiji vyetu, ada ya kuunganishwa ilishushwa mpaka shilingi 1,160, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakati mahali pengine watu walikuwa wakitozwa 35,000. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba msaada hauwezi kumfikia mtu mdogo. Wakitaka, unafika.

Ndugu wa jua kali si wanachama wetu, lakini mshahara wetu huishia kwao, na siku tunapoachishwa kazi sisi ndio tunaokwenda kusimama kwenye kile kinu. Tena Kawangware iko jirani na chuo cha ufundi cha Kabete. Pale wako vijana wanaojifunza mota na nyaya. Wizara ingeweza kuwalipa posho ndogo wapite na vipimo vyao, kinu kwa kinu, saluni kwa saluni, waseme: mota hii badilisha, waya huu ni mwembamba, friji hii tia mpira mpya. Mkopo wa mota moja hauhitaji benki ya Ufaransa.

MADAI YETU

Kwa hiyo basi, Chama kinadai haya:

1. Kila kiwanda kinachokaguliwa, ripoti ya ukaguzi ionyeshwe wajumbe wa wafanya kazi, na akiba iliyopatikana itajwe kwa shilingi. Palipo na msaada wa serikali hapawi na siri.

2. Kuokoa stima kuingizwe katika kazi ya kamati. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imekwisha kuagiza kwamba kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanya kazi. Kamati hiyo ipo au inapaswa kuwapo. Haihitaji sheria mpya kuipa neno moja zaidi.

3. Fungu la akiba liandikwe katika mapatano. Kiasi chake ni jambo la kujadiliana, mahali kwa mahali. Lakini fungu liwepo, na liwafikie hata vibarua.

4. Mtu ye yote asiachishwe kazi kwa sababu ya akiba aliyosaidia kuipata. Afundishwe kazi nyingine. Ikiwa hapana budi, Sheria ya Ajira ya 2007 ifuatwe yote: chama kiarifiwe mwezi mmoja mbele, na malipo yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Na kukata mikataba vipande vipande ili kuikwepa sheria hiyo kukomeshwe.

5. Kiwanda kinachofanya kazi usiku ili kupata stima rahisi kiwalete watu wake kwa gari na kuwarudisha mpaka karibu na nyumbani, wala si kuwamwaga mjini.

6. Kuokoa kusianze na chai, taa ya choo na feni ya mshonaji. Kuanze na bomba linalovuja.

7. Katika kituo cha kuokoa nishati, wafanya kazi wapewe kiti pamoja na wenye viwanda, na sehemu ya msaada ishuke mpaka kwa biashara ndogo za Kibera, Kawangware na mahali pengine kama hapo.

Madai haya si ya ajabu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini, na kila chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Tunaomba kilichoandikwa kifanyike.

KAZI YA JUMA HILI

Ndugu, madai yakiachwa kwenye karatasi hii hayatatembea yenyewe. Kila mjumbe wa chama kazini afanye mambo matatu. Amwulize msimamizi: jee, mahali hapa pamekwisha kukaguliwa, na lini? Aandike, pamoja na wenzake, kila tundu, kila bomba, kila mashine inayokula stima bure, na karatasi hiyo aihifadhi chama, asiipeleke ofisini peke yake kama alivyofanya Mzee wetu. Tatu, aulize kama kamati ya usalama ipo, na kama haipo aulize kwa nini.

Siku ya kukaa mezani, tutakuwa na orodha yetu mkononi. Tutamwambia tajiri: haya ndiyo unayoyapoteza, sisi tunajua yalipo na tunajua kuyaziba. Tupatane kwanza, halafu tuwashe kazi.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini aliyejaza kibaba naye ale.

Ukisha kusoma mpe mwenzako. Asiyejua kusoma msomee.

UMOJA NI NGUVU!